Mdogo wangu asema yeye ni mwanamke. Je, ni mimi niliyemharibu?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mama wa watoto wawili, naishi Likoni. Asubuhi nauza mahamri na viazi vya karai, jioni bajia. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka 19, na kitinda mimba wetu akiwa na miaka 6 tu. Baba alikuwa ameshatangulia. Kwa hiyo huyu mtoto nimemlea mimi, nikamsomesha mimi, na hata nilipoolewa nilikuja naye.

Sasa ana miaka 23. Ni fundi simu, ana kibanda chake, hana ugomvi na mtu. Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, watoto wamelala, tulikuwa tumekaa jikoni tunakunja sambusa za watu waliotoa oda. Akaniambia, "Dada, nina neno na nimelibeba muda mrefu." Akasema yeye hajawahi kujiona mwanamume. Tangu utotoni ndani yake anajijua kuwa ni mwanamke, alingoja hali hiyo iondoke na haikuondoka. Nikamuuliza kwani anataka wanaume? Akasema, "Dada, hilo ni jambo jingine, mimi nakwambia mimi ni nani." Sikumjibu. Niliendelea kukunja, na kesho yake nusu ya zile sambusa zilipasuka kwenye mafuta kwa sababu sikuzifunga sawasawa.

Tangu siku hiyo sina raha. Nakumbuka kila Idd alivyokuwa akilia akivalishwa kanzu na kofia, nami nikidhani kitambaa kinamwasha. Nakumbuka pia nilivyokuwa nikimwacha achezee buibui langu, anajifunga, anatembea nalo uani, sisi tunacheka. Je, ndiyo niliyomharibu? Nyumba yetu ilikuwa ya wanawake watupu. Pengine angekuwa na baba, yasingetokea haya.

Nilipokuwa nafua nguo zake nilikuta mkobani pakiti tatu za vidonge vya kupanga uzazi, mbili zimekwisha. Nilipomuuliza akasema anameza viwili, wakati mwingine vitatu kwa siku, ili mwili ubadilike.

Nikamweleza mke wa ami yetu, naye akamfikishia Ami. Ami amewaka. Anasema ni jini la kike limemkalia, apelekwe kwa fundi mmoja wa kupunga majini huko Kwale, na likishatoka aozwe haraka. Binti ameshaonwa. Ijumaa baada ya sala atakuja na wazee wawili tukae kikao.

Nisaidie Shangazi. Hili ni jini, ni maradhi, au ni huntha? Au ni ushoga tu umepewa jina jingine? Dini inasemaje? Atafungwa? Vyeti vyake itakuwaje? Na hawa wanangu wa miaka 10 na 7 wanaomwita mjomba, niwaambie nini?

Dada Mkubwa, Likoni

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na vidonge, maana mengine yote yanaweza kungoja na hilo haliwezi. Vidonge vingi vya kupanga uzazi vina homoni mbili, na mojawapo ni estrojeni iitwayo ethinilestradioli. Wengi waliozaliwa wavulana na wanaotaka mwili wa kike hukimbilia vidonge hivyo kwa sababu vinapatikana kila duka la dawa na muuzaji haulizi maswali. Lakini estrojeni ya aina hiyo huongeza hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa, na mtu anayejizidishia dozi anaizidisha hatari hiyo mara nyingine. Akiwa anavuta sigara, ndiyo zaidi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi ikimkata ghafla na kifua kikachoma, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na foleni ya feri ni ndefu. Damu iliyoganda mguuni ikipanda mapafuni huua.

Usimnyang'anye pakiti. Atanunua nyingine na safari hii ataficha vizuri. Mwambie umeambiwa vina hatari gani, kisha mtafute daktari wa homoni, wale wanaotibu pia kisukari na tezi ya shingo. Aende aseme ukweli wote, pamoja na idadi anayomeza. Madaktari wanaowahudumia watu kama yeye hutumia estradioli, si ile ya vidonge vya uzazi, na hupima damu kabla ya kuanza na kila baada ya muda. Watamweleza pia kwamba dawa hizo zinaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa, na kwamba mabadiliko mengine, kama matiti, hayarudi nyuma ukiacha dawa. Wapo watu waliobadili wakaja kurudi walikotoka. Kwa hiyo ni halali yake kwenda polepole, na wewe ni halali yako kumwomba asiende mbio. Wengine hawamezi chochote maisha yao yote, hubadili jina na mavazi wakatulia.

Sasa buibui. Hapa nataka ukae chini, maana naona ndiko unakoumia.

Mwaka 1965, Winnipeg, Kanada, walizaliwa pacha wawili wa kiume. Mmoja wao alipopelekwa kutahiriwa, kifaa cha umeme kikamchoma, uume ukaharibika wote. Wazazi wake walichanganyikiwa. Wakampeleka kwa mtaalamu mashuhuri wa Marekani, John Money, aliyekuwa akiamini kwamba mtoto mchanga hajui kama yeye ni mume au mke, atakuwa vile atakavyolelewa. Akawashauri wamlee kama msichana. Mtoto akafanyiwa upasuaji kabla hajatimiza miaka miwili, akaitwa Brenda, akavishwa magauni, akapewa wanasesere, na alipokaribia kubalehe akapewa estrojeni. Hakuambiwa lolote. Money akaandika kwamba jaribio limefaulu, na dunia ya wasomi ikamsadiki kwa miaka.

Halikufaulu. Mtoto aliyachukia yale magauni, akawa mtoto wa huzuni asiyepatana na wenzake. Alipoambiwa ukweli akiwa na miaka 14, aliamua mara moja kuishi kama mwanamume, akajiita David. David Reimer alikuja kuoa, akakisema kisa chake hadharani ili madaktari wasiwafanyie wengine alivyofanyiwa yeye, na mwaka 2004 akajiua akiwa na miaka 38.

Mdogo wako si David. Huyo alizaliwa mvulana akajijua mvulana. Lakini tazama walichokuwa nacho wale wazazi: jina, nguo, kisu cha daktari, dawa, na siri ya miaka mingi, tena wakisimamiwa na bingwa wa dunia. Vyote hivyo havikumfanya mvulana ajione msichana. Wewe ulikuwa na buibui moja na mtoto anacheza uani dakika ishirini kabla ya magharibi. Kisa kimoja si sheria, na wapo waliolelewa hivyo wakabaki upande waliolelewa. Lakini Mombasa nzima ina wanaume waliolelewa na mama, nyanya na dada katika nyumba zisizo na baba, na leo ni makuli, madereva wa matrela na maimamu. Kama nyumba ya wanawake ingekuwa inageuza wavulana, tungeshaona. Wanasayansi wamechunguza urithi wa damu na homoni zinazomfikia mtoto tumboni. Kisababishi kimoja hakijapatikana, na hakuna aliyethibitisha kwamba dada anaweza kumfanya mtu hivi kwa kumchekea.

Umeniuliza kama ni huntha. Huntha ni jambo la mwili: mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyokuwa ya kiume moja kwa moja wala ya kike moja kwa moja. Dini yetu inawajua zamani. Wanazuoni wa fikihi waliwapangia mpaka safu ya sala, nyuma ya wanaume na wavulana, mbele ya wanawake, na wakaumiza vichwa juu ya fungu lao la mirathi. Serikali nayo iliwahesabu katika sensa ya 2019, wakapatikana 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawataja. Mdogo wako, kwa ulivyoeleza, mwili wake ni wa kiume na hilo yeye halikatai. Anachosema ni kwamba nafsi yake haikukaa na mwili huo. Huyo ndiye anayeitwa transjenda. Daktari akimpima na kukuta kitu kingine, sawa, lakini usimpeleke apimwe kwa matumaini kwamba cheti cha huntha kitamnyamazisha Ami.

Na ushoga? Mwenyewe alikujibu vizuri jikoni, sijui kwa nini unaniuliza tena. Nani unampenda ni swali moja, wewe ni nani ni swali jingine. Kati ya watu hawa wapo wanaopenda wanaume, wapo wanaopenda wanawake, na wapo wanaotaka tu waachwe wafanye kazi zao. Hakukwambia ana mtu, basi usimtafutie.

Liko jambo lingine linalowachanganya watu, nalo ni hizi kazi na desturi tunazoziita za kiume na za kike. Hizo kweli tunazipanga wenyewe. Kwa Wanandi, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa mahari akaoa mwanamke mwenzake. Tangu hapo yeye huhesabiwa mume, na watoto wa mkewe ndio warithi wa boma lake. Wakuria wanayo ndoa kama hiyo. Tena si hadithi za kale: mwaka 2011 Mahakama Kuu, hapa hapa Mombasa, iliitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi katika kesi ya mirathi. Yule bibi hajioni mwanamume moyoni. Amekalia kiti cha mume kwa sababu jamii imempa. Mdogo wako ni kinyume chake: jamii imempa kiti, kanzu na kofia juu, naye anasema mwenye kiti si yeye. Kwa hiyo wazee wakikwambia "apewe kazi ngumu za kiume zimkaze," wajibu kwamba kazi anayo na hajailalamikia.

Jini sasa. Mimi si mtu wa kubeza majini, nimezaliwa Pwani. Ila nitakwambia yale ya upande wa tiba. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeiweka hali hii kwenye orodha ya maradhi ya akili. Katika orodha mpya, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, imetolewa huko ikahamishiwa sura ya afya ya kijinsia, ili wenye kuhitaji dawa waendelee kuhudumiwa bila kuitwa wendawazimu. Kinachoumiza wengi wao ni dhiki ya kuishi kwa kujificha, kukosa usingizi, kujichukia, na wengine kufikia kutaka kujiua. Ukimwona mdogo wako anajifungia, hali, au anagawa vitu vyake, kaa naye karibu na mtafute mshauri nasaha. Kumfunga chumbani Kwale akafukizwa na kuchapwa hakujawahi kumpunguzia mtu dhiki hiyo. Kumsomea Kur'ani kwa upole, akikubali mwenyewe, hakumdhuru mtu.

Kuhusu kuozwa, hapo sina upole. Huyo binti aliyeonwa ana kosa gani? Anaingizwa ndani ya nyumba na mtu ambaye nyinyi nyote kwenye kikao mnajua hali yake, yeye pekee ndiye hajui. Usiku wa kwanza ataambiwa nini? Na miaka mitatu mbele, akirudi kwao na talaka na mtoto mgongoni, Ami ndiye atakayemlea? Ijumaa useme neno hilo kabla ya mengine. Wazee wanaweza kubishana nawe juu ya nafsi na mwili mpaka magharibi, lakini kuhadaa binti wa watu wanajua ni dhuluma.

Dini inasemaje? Mimi si mufti, nawe usichukue fatwa gazetini. Nitakueleza tu kwamba maulamaa wamelijadili, na hawakusema neno moja. Mwaka 1988 Misri, mwanafunzi wa udaktari wa Al-Azhar alifanyiwa upasuaji akawa Sally, nchi ikachafuka. Mufti wa wakati huo, Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, akatoa fatwa kwamba upasuaji unafaa ukiwa ni wa kudhihirisha uume au uke uliofichika mwilini, na haufai kwa matamanio matupu. Walioafiki na waliopinga, wote wakadai fatwa imewapa haki. Iran, Ayatollah Khomeini aliruhusu katika miaka ya 1980, na mpaka leo upasuaji huo unafanywa huko kisheria. Lakini hao ni Mashia, na masheikh wengi wa Kisunni hawakubaliani nao. Kwa hiyo ukienda kwa sheikh, jitayarishe kuambiwa haifai. Nenda kwa mwenye ilimu na kifua cha kuhifadhi siri, na umuulize maswali mawili mbalimbali: hukumu ya kubadili mwili ni ipi, na haki ya huyu juu yangu mimi dada yake ni ipi. La pili halina mgogoro kama la kwanza. Hata atakayekwambia haifai hatakwambia umfukuze usiku.

Kufungwa, hapana, si kwa kuwa hivyo. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu vitendo vya kitandani, na mahakama ilikataa kukifuta Mei 2019, kwa hiyo bado kipo. Hakuna kifungu kinachomtia mtu jela kwa kujiona mwanamke. Taabu huja pale kitambulisho kinaposema hivi na sura inasema vile, askari akadai ni udanganyifu. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret iliamuru mwanamke mmoja transjenda alipwe shilingi milioni moja kwa kudhalilishwa na kupekuliwa mwilini akiwa kizuizini. Haki ilipatikana, lakini aliiona baada ya miaka. Mdogo wako atembee na kitambulisho, na nambari ya wakili aihifadhi kwenye simu.

Vyeti vina njia. Audrey Mbugua, Mkenya transjenda, alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001 kwa jina la kiume, akapata alama ya A-, kisha akakwama kwa miaka kwa sababu cheti na mtu havilingani. Akaenda mahakamani, na Oktoba 2014 Mahakama Kuu ikaamuru Baraza la Mitihani limpe cheti kipya chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia, kwa kuwa hakuna kanuni inayolazimisha alama hiyo iwekwe. Kubadili jina kwa hati ni haki ya raia yeyote: wakili huiandaa, ikasajiliwa, ikatangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Alama ya jinsia kwenye kitambulisho ndiyo ngumu bado. Fundi simu hahitaji cheti kesho asubuhi, kwa hiyo msitumie kwa hili fedha mlizoweka kwa ajili ya daktari.

Kikao cha Ijumaa mwulize kwanza yeye kama anataka kuwapo. Kama hataki, aende kazini, akalale kwa rafiki anayemwamini, na wewe ukae na wazee. Wapikie, wape kahawa, wasikilize mpaka wamalize. Kisha sema mambo machache: kwamba ni mtu mzima, kwamba Kwale haendi, kwamba binti wa watu hahadaiwi, na kwamba anaishi kwako na ataendelea kuishi kwako. Usijaribu kumfanya Ami aelewe siku moja yale ambayo wewe mwenyewe bado unayatafuna. Mwombe jambo moja tu, asilitoe nje, na hasa asiliweke kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kwa maana likishafika huko litafika kibandani kwake kabla yake, na watu wamepigwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Mwenye siri ni mdogo wako. Yule mke wa ami ulimwambia ukiwa na uzito, nakuelewa, lakini safari nyingine omba ruhusa.

Wewe nawe unaruhusiwa kulia. Ulimlea mtoto wa kiume miaka 17 na kuna picha uliyokuwa nayo, ya yeye siku ya harusi yake amevaa joho. Lilie mbali naye, kwa rafiki, au kwenye mswala. Mbele yake muulize anataka aitweje ndani ya nyumba. Akiwa hajachagua, au mbele ya wageni, "mdogo wangu" inatosha na haimvunjii mtu heshima.

Na watoto. Huyo wa miaka 7 atauliza mara moja, pengine juu ya nguo, ataridhika, ataomba chapati. Huyo wa miaka 10 ana marafiki na madrasa, naye atahitaji maneno ya kujibu huko. Mwambie kwamba mjomba anajiona mwanamke, kwamba hakuambukizwa na mtu wala hamwambukizi mtu, kwamba bado ndiye yule yule anayemtengenezea simu na kumsaidia hesabu, na kwamba mambo ya nyumbani hayapelekwi madrasa. Akiuliza kama ni dhambi, mwambie watu wazima wenye ilimu bado wanaulizana, na kwamba kumcheka mtu dhambi yake inajulikana. Mengine ajibiwe na mjomba mwenyewe, kama mjomba yuko tayari.